Kahawa ya Bibiane na Salamu Maria saba

LIKASI, mkoa wa Shaba. Mvua ya usiku imekoma, lakini mabati ya nyumba za mtaa wa Shituru bado yanadondosha maji. Ni Jumamosi ya pili ya Machi 1988. King'ora cha zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha madini hakijalia, na moto wa Bibiane umeshakolea.

Amekaa kwenye kigoda chini ya kibanda nyuma ya nyumba, kando ya njia, mkono wa kulia ukizungusha mpini wa pipa dogo la chuma juu ya makaa. Ndani ya pipa kilo tatu za kahawa mbichi zinajigeuza kwa sauti kama ya kokoto zinazovutwa na maji.

Hatazami saa. Nyumba nzima haina saa. Anasikiliza. Baada ya muda punje moja inapasuka, halafu nyingine, kisha zote kwa pamoja kama kuni mbichi zilizotupwa motoni. Zinapotulia, midomo yake inaanza kucheza.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe…"

Anasali bila haraka. Moja. Mbili. Tatu. Moshi unaacha kuwa mweupe na kuwa wa samawati. Nne. Tano. Macho yanamwasha. Sita. Anapomaliza ya saba anainua pipa kwa vitambaa viwili na kumwaga kahawa kwenye ungo. Punje zinang'aa, nyeusi, zimetoka mafuta.

"Saa ya nyumba yetu njo hii," anasema, akigusa midomo yake.

Bibiane ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Kwenye kitambulisho chake jina hilo halipo. Tangu amri ya mwaka 1972 iliyofuta majina ya Kizungu, karatasi zinamwita Kalenga Mwamba. Mtaani hakuna anayelijua jina la karatasi. Kwa majirani yeye ni Mama Simone, kwa jina la bintiye, mwalimu wa shule huko Mulungwishi. Kwa wanaume wa zamu ni Mama Kawa tu, yaani Mama Kahawa.

Leo amevaa kitenge cha njano chenye maua ya kijani. Wanaopita njiani wanakitazama mara mbili, kwa sababu mwaka mzima hawakumwona na rangi. Mumewe, Germain, alifariki mwishoni mwa Februari mwaka jana. Kilio kiliondolewa Jumapili iliyopita, mbuzi wakachinjwa, na mjane akavua nguo nyeusi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halikuondoka pamoja na nguo hizo. Bibiane hajui kama kahawa anayouza bado ni ile ya wakati wa Germain.

Hajui kwa sababu hanywi. Alipokuwa na mimba ya Simone, mwaka 1961, kahawa ilimtapisha, na tangu hapo hakuigusa tena. Yeye alikuwa mkono na sikio. Ulimi ulikuwa wa Germain.

Zamani, anasema, kilo kumi na tano ziliisha kwa wiki moja. Sasa zikiisha saba anashukuru. Posho ya ujane haifiki mbali. Kahawa ndiyo inayonunua unga.

"Nauliza bantu: kawa iko je? Banasema, mama, iko vilevile. Bamasista ba parokia banasema vilevile. Hata Simone, Noeli, alikunywa akasema vilevile. Alors, kama iko vilevile, wale wengine bameenda wapi?"

Germain alijifunza kahawa kabla hajajifunza madini. Mwaka 1955, akiwa kijana, alipata kazi kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekuwa na duka karibu na stesheni. Kazi yake ilikuwa kuzungusha pipa la kukaangia. Wanaokumbuka mji wa siku hizo wanasema abiria walioshuka kwenye treni ya asubuhi hawakuhitaji kuuliza njia ya sokoni, walifuata harufu.

Mgiriki aligundua kwamba kijana wake ana pua. Akamfundisha kuonja: kunusa unga mkavu kwanza, kumwaga maji ya moto juu yake, kungoja bila kugusa, kupasua utando wa juu kwa kijiko na kunusa tena, kisha kuvuta kahawa mdomoni kwa nguvu pamoja na hewa, kwa sauti kubwa.

"Kwa sauti ya aibu," Bibiane anakumbuka. "Tulipooana nilimwambia, kama mama yangu anakuya hapa, usionje kawa."

Mwaka 1961 Germain aliingia kiwandani, katika maabara, kuchukua sampuli za madini. Mwaka 1967, mwaka ule ule kampuni ya madini ilipokuwa ya serikali, walipewa nyumba hii ya vyumba viwili. Ilikuwa imepakwa chokaa mpya, na mlango ulikuwa wa kijani.

Duka la Mgiriki lilichukuliwa mwisho wa mwaka 1973, wakati maduka ya wageni yalipogawiwa wananchi. Mwenye duka mpya hakujua kahawa. Aliuza mizani, akauza rafu, na mwisho akauza pipa la kukaangia kama chuma chakavu. Germain ndiye aliyelinunua.

"Nilimuona anakuya, anasukuma baiskeli yake, pipa limefungwa nyuma kwa kamba," anasema Bibiane. "Batoto banamufuata, banapiga lile pipa kama ngoma. Nikamuuliza, Germain, hii ni nini? Akasema, hii ni kazi yako."

Huo ulikuwa mwaka 1974. Kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata, Jumamosi ya Shituru ilikuwa na harufu yake. Moshi wa kiwanda ulikuwapo, ule unaokwaruza koo, lakini wanaume waliotoka zamu ya usiku walisema wakifika kwenye kona ya kwa Germain hewa inabadilika. Walisimamisha baiskeli, wakaegemea ukuta, kila mmoja na kikombe. Walikuwa Waluba, Wabemba, Wasanga, Walunda, na watu wa Maniema waliotoka msikitini. Waliongea habari za mpira na za mishahara, na hakuna aliyeharakisha kwenda kulala.

Ndani, mezani, Germain alifanya kazi yake kama afanyavyo mtu wa maabara. Alimwaga kahawa mbichi kwenye kitambaa, akaifanya lundo, akaibana iwe bapa, akaigawa kwa rula mafungu manne kama mkate. Mafungu mawili yanayotazamana aliyaweka kando. Mawili yaliyobaki aliyachanganya, akafanya lundo tena, akagawa tena, mpaka ibaki konzi moja. Hivyo ndivyo walivyofanya na madini, ili konzi moja iseme ukweli wa gunia zima.

Konzi hiyo Bibiane aliikaanga kwenye kikaango kidogo. Germain alionja, akanyamaza, akasema neno. Maneno yake hayakuwa ya kitabu. Kahawa moja ilikuwa "ganda la chungwa," nyingine "mkate wa jana." Nzuri kuliko zote aliiita "masuku," kwa tunda lile la porini ambalo watoto wa Likasi hulinyonya mvua zinapoanza.

Baada ya neno lilifuata agizo. Siku ya kwanza kabisa Bibiane alimuuliza atajuaje wakati wa kutoa pipa, nao hawana saa. Germain akamwambia asali. Punje zikishatulia, ahesabu Salamu Maria.

"Gunia moja alisema mbili. Lingine tatu. Siku moja alisema tatu na nusu, nikamwambia, Mungu wangu, nusu nitaikata wapi? Akasema, ishia pale kwa 'mzao wa tumbo lako.' Nilicheka mpaka kawa ikaungua."

Kahawa yenyewe ilitoka, na bado inatoka, kwenye vilima vya Kivu. Anayeileta ni Ramazani, mchuuzi wa miaka sitini na miwili mwenye asili ya Kasongo. Gunia lake hupanda lori mpaka Uvira, husafiri kwa meli kwenye ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kisha hungoja behewa la treni la kulileta Likasi. Siku hizi kungoja huko kunaweza kuchukua wiki tatu.

Mwaka 1981 gunia moja lilisafiri pamoja na mizigo ya ndakala, wale dagaa wakavu wa Tanganyika. Germain hakulifungua. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema: "Ramazani, umeniletea kawa ao mboga?" Kahawa ilianikwa juani siku kumi na mbili. Ramazani anasema hata hivyo mteja mmoja aliipenda hivyo hivyo, na kwa miezi kadhaa aliulizia "ile ya samaki."

Leo Ramazani anafika king'ora kikiwa kimeshalia. Anasukuma baiskeli yenye gunia, kofia yake nyeupe imelowa pembeni. Kwenye meza ya kuuzia, mbele ya kibanda, wako wawili tayari. Mmoja ni mzee Barthélemy, mstaafu wa reli, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapa na hunywa kikombe cha kwanza kila siku. Mwingine ni Hélène, jirani, anayekaanga vitumbua kwenye jiko lake pembeni ya meza ya Bibiane.

"Mama Simone, hodi."

"Karibu, papa Ramazani. Gunia iko kavu?"

"Kavu kuliko mufuko yangu."

Bibiane anacheka na kummiminia kikombe cha kahawa aliyokaanga juzi. Ramazani anakaa, anakunywa funda moja, analishikilia mdomoni, analimeza. Kisha anaweka kikombe chini taratibu.

"Kilio kimekwisha?" anauliza.

"Si ulikuwa hapa Jumapili. Ulikula mbuzi."

"Nilikula. Nauliza, kimekwisha kabisa kabisa?"

"Kabisa. Hauoni kitenge?"

"Donc muntu anaweza kukugombeza sasa."

"Anaweza. Iko nini?"

Hélène anageuza kitumbua ambacho hakijaiva. Mzee Barthélemy anatazama viatu vyake.

"Kwetu sisi Baislamu," anasema Ramazani, "eda ya mwanamuke ni miezi ine na siku kumi. Miezi ine na siku kumi nilivumilia. Nikajua, bon, sasa nitasema. Banambia apana, kwa Bakatoliki ya hapa ni mwaka. Mwaka, mama! Minye mwenye kuleta kawa hii toka Kivu, nimeikunywa mwaka muzima kama dawa ya minyoo."

"Unasema nini?"

"Nasema kawa yako inaungua. Haiko ya leo tu. Tangu Germain alikufa, inaungua."

Maji ya mvua yanadondoka kutoka kwenye bati.

Katika mtaa huu mtu aliyefiwa hagombezwi. Mboga yake ikizidi chumvi, inaliwa. Akikosea hesabu, anaachiwa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Watu wa makabila mengi walioishi ukuta kwa ukuta miaka ishirini wameizoea, na mpaka nguo nyeusi zitoke, mdomo unafungwa.

Bibiane anamgeukia jirani yake. "Ni kweli, Hélène?"

"Bitumbula byangu njo bilikuwa bya kusaidia," Hélène anasema bila kuinua macho. "Muntu anachovya kitumbula mu kawa, uchungu unapunguka."

"Na weye, papa Barthélemy? Weye unakunywaka kopo mbili kila siku!"

Mzee anakohoa. "Moja nakunywa."

"Na ya pili?"

"Ya pili nabeba ku nyumba."

"Unaikunywa ku nyumba?"

"Mama, niko na mupapai moja, pale nyuma ya jiko…"

"Mupapai!"

"Imezaa muzuri sana mwaka huu."

Ramazani anashindwa kujizuia, anacheka mpaka kofia inamtoka. Bibiane hacheki. Anakaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, kitenge kipya kikigusa matope.

"Mwaka muzima mulinidanganya," anasema.

"Apana, mama," anasema mzee Barthélemy. "Hatukukudanganya. Tulikuwa tunakungojea."

Ramazani anaacha kucheka. Anasogeza kigoda karibu na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza mgonjwa.

"Unahesabu ngapi, mama Simone?"

"Saba."

"Saba? Germain alihesabu saba siku gani?"

Hapo ndipo Bibiane anapoeleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Februari ya mwaka jana Germain alikuwa kitandani, moyo umemchosha, miguu imevimba. Gunia jipya lilikuwa limefika. Hakuweza kukaa mezani kugawa mafungu, kwa hiyo mkewe alimletea konzi moja kitandani. Alinusa, akatafuna punje moja mbichi, akafumba macho. Akasema: "Hii imelowa. Iache mpaka saba." Siku mbili baadaye alifariki.

"Hakusema tena kitu ingine juu ya kawa," anasema Bibiane. "Ile njo ilikuwa ya mwisho. Nikaishika."

Ramazani anakumbuka gunia hilo. Lilisafiri ziwani katika mvua kubwa, na turubai ya meli ilikuwa imepasuka. Kahawa ililowa, ikakaushwa juu juu huko Kalemie. "Ile ilitaka saba, ni kweli. Germain hakukosea," anasema. "Lakini ile tu, mama. Magunia yote niliyoleta nyuma yake yalikuwa makavu. Yalitaka tatu."

"Nani angeniambia tatu?"

Ramazani anaokota kofia yake na kuipangusa matope.

"Na kisha," anasema Bibiane, na sasa anaongea akitazama makaa, "zile saba zilinisaidia. Ya kwanza mpaka ya tatu nilisema zilikuwa za kawa. Ine zingine zilikuwa zake. Kila pipa, ine zake. Nilikuwa namuombea pale pale, mu moshi. Kama napunguza hesabu ya kawa, ni kama napunguza kumuombea."

Hélène anaepua sufuria ya mafuta kutoka jikoni. Mzee Barthélemy amevua kofia.

Ni Bibiane mwenyewe anayesimama wa kwanza. Anaingia ndani, anatoka na kitambaa cheupe na rula ya mbao yenye alama za maabara. Anavifuta vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Fungua gunia," anamwambia Ramazani.

Aliona kazi hiyo ikifanywa mamia ya mara, lakini hakuwahi kuifanya. Lundo la kwanza linamwagikia upande. Anaanza upya. Anaibana bapa, anakata mafungu manne, anaondoa mawili. Anachanganya, anagawa tena. Punje ni za kijani iliyofifia, kavu, zinalia kwenye meza kama shanga. Mwishoni inabaki konzi moja, na anaiangalia kana kwamba hajui imetoka wapi.

Kikaango kidogo kinawekwa motoni. Anazungusha kwa mwiko. Rangi inapanda, kutoka kijani kwenda njano, kisha hudhurungi kama ukoko wa mkate. Punje zinapasuka, zinatulia. Midomo inaanza.

Moja. Mbili.

Ya tatu anaisali taratibu mno. "…sasa na saa ya kufa kwetu. Amina." Anamwaga.

Punje zinaanguka kwenye ungo zikiwa na rangi ya udongo mwekundu wa njia ya Kambove. Moshi wake ni mwembamba, na harufu inayotoka si ya kuungua. Mwanamume aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli anapunguza mwendo, anageuza shingo, anaendelea.

Bibiane hasikii lolote. Anapepeta kahawa kwa kipande cha boksi, maganda membamba yanaruka, na midomo yake bado inacheza. Salamu Maria nne zilizobaki anazimalizia hapo, kahawa ikipoa. Hakuna anayemsemesha mpaka anapofanya ishara ya msalaba.

Ramazani anasaga kwa mashine ya mkono. Maji yanachemka. Bibiane anaomba kikombe kimoja tu.

"Cha nani?" anauliza Hélène.

"Changu."

Hélène anafuta kikombe kwa kitambaa na kumpa.

Bibiane ananusa unga mkavu. Anamwaga maji, anangoja. Utando wa juu unavimba na kupasuka vijitundu. Anaupasua kwa kijiko, uso karibu kabisa na mvuke, kama alivyomwona Germain akifanya. Anachota, ananywa kidogo kwa midomo iliyobanwa, kwa adabu.

"Kwa sauti, mama!" Ramazani anamwambia. "Germain alikuwa anasikika mpaka stesheni!"

Anavuta tena, kwa sauti ile ile ya aibu. Uso unajikunja.

"Uchungu," anasema.

"Ngoja ipoe kidogo."

Anangoja. Anavuta mara ya tatu. Anashikilia kahawa mdomoni muda mrefu, macho yametazama ukuta wa nyumba ambao chokaa yake imebanduka. Anameza, na anaendelea kusikiliza, kana kwamba kuna punje nyingine itakayopasuka.

"Germain angesema masuku," anasema Ramazani, ambaye ameshajimiminia.

"Haiko masuku."

"Ni nini?"

"Ni asali. Ile nyeusi ya pori, ile banauza na nta ndani."

Hélène anachukua kikombe kutoka mkononi mwa Ramazani na kuonja. "Minye naona masuku."

"Weye unaona masuku sababu Germain alisema masuku."

"Na weye unaona asali sababu unataka kumupinga!"

Wanacheka, na safari hii Bibiane yumo. Anacheka mpaka anafuta macho, na kufuta huko kunachukua muda kuliko kicheko.

"Miaka kumi na tatu," anasema. "Alikuwa anakaa pale, anasema masuku, anasema mkate wa jana, na minye nasema ndiyo papa, ndiyo papa. Kumbe tungebishana. Kila Jumamosi tungebishana. Njo kitu ninachomukosa leo, na sikuwa nakijua."

Kufikia saa tatu jua limetoka na barabara inatoa mvuke. Kahawa nyeusi aliyokaanga alfajiri bado iko kwenye ungo, kilo mbili na ushee. Hélène anashauri iuzwe kwa bei ya chini. Bibiane anaifunga kwenye mfuko wa karatasi na kuiweka kando, haitauzwa. Kisha anajaza pipa kwa kahawa kutoka gunia jipya.

Wakati pipa linapata joto, anahesabu kwa vidole nyumba ambazo hazikuacha kununua. Wale waliokwenda kwingine hawalaumu, walikuwa na ulimi. Anahesabu waliobaki. Anaanza upande wa reli na kurudi upande wa kanisa, na Hélène anamkumbusha wawili aliowasahau. Zinafika ishirini na moja.

Mpango wake ni huu: kabla ya Pasaka, kila nyumba kati ya hizo itapata kopo moja la kahawa ya Salamu Maria tatu. Kopo lake linachukua gramu mia mbili. Kwa nyumba zote ni zaidi ya kilo nne, zaidi ya nusu ya anachouza kwa wiki nzima.

"Bure?" Hélène anauliza. "Mama, utakula nini?"

"Nitakula bitumbula byako."

Hataituma kwa mtu. Atakwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na mashine ya kusagia kwenye kikapu. Ataomba maji ya moto, atakaa kwenye kiti, na hataondoka mpaka mwenye nyumba anywe mbele yake. Anayetaka kumwambia imezidi uchungu, amwambie. Anayetaka kumwambia ni maji matupu, amwambie pia; ataandika kwenye daftari la zamani la shule la Simone na kurekebisha gunia linalofuata.

Punje ya kwanza inapasuka ndani ya pipa. Anainua kidole ili wenzake wanyamaze, kisha anakishusha na kumalizia alichokuwa akisema.

"Ile nyeusi balikunywa, bakanyamaza kwa ajili yangu. Hii bakunywe, na baseme."